Mahindi Kwenye Uwanja wa Mahabusu

Mvua ya mwaka huu ilisahau kuaga. Mpaka mwezi wa sita ilikuwa ingali kijijini Iyula, na mahindi ya bibi Atuganile, magunia tisa, yameanza kunuka uvundo. Uani kwake tope tupu. Yakioza hayo, mwaka mzima atakula kwa majirani, na majirani zake anawajua.

Siku jua lilipochomoza, akaikumbuka sakafu ya saruji kwenye kambi ya jeshi ya jirani. Jeshi lilikuwa limewajengea askari wake walio mahabusu uwanja wa michezo, na kibao getini kilitangaza: milioni arobaini, fedha za umma. Mahabusu wenyewe wawili. Mpira haukununuliwa, fedha ziliishia kwenye kibao.

Atuganile akakodi mkokoteni wa ng'ombe.

"Shikamoo, bibi. Wapi na mzigo huo?" akauliza Sajini Hezron getini.

"Marahaba, baba. Naleta vifaa vya michezo."

"Si mahindi haya?"

"Mahindi. Kwani nyie mna mpira?"

Hezron akakuna kisogo.

"Kahawa yangu imekatwa ushuru miaka arobaini," Atuganile akaendelea. "Saruji hiyo ina kakona kangu. Nionyeshe."

Hezron akacheka mpaka kofia ikamteleza. Akafungua.

Mahindi ya kuanika hugeuzwa kwa miguu: unaburuza nyayo, unachora mifereji kama shamba. Bugalama, mahabusu aliyefungiwa kwa kuchelewa kurudi kutoka likizo, akavua buti. Mwenzake Ayoub naye akavua. Kufika adhuhuri wanashindana, jasho linawatiririka, wanazomeana.

Kapteni Jenista, mkuu wa kambi, akarudi kutoka mjini Vwawa, akasimama mikono kiunoni.

"Nani kaleta haya?"

"Mimi, mwanangu. Walikuwa wamekaa kama magogo. Ona sasa wanavyocheza."

Kapteni akawatazama. Akakitazama na kibao. "Siku tatu tu, bibi."

Siku ya tatu mahindi bado mabichi kidogo, na Bugalama anaachiwa kesho. Atuganile akamwendea Kapteni.

"Mwanangu, kosa la huyu kweli limekwisha?"

"Limekwisha, bibi."

"Mtazame vizuri. Mwongezee siku mbili."

"Bibi!" Bugalama akapiga ukelele.

"Wewe geuza huko."

Kapteni akageuka upande, mabega yanamtikisika. Siku mbili akatoa, lakini za mahindi, si za Bugalama.

Kesho yake asubuhi Bugalama, mtu huru, alikuwa getini, buti mkononi, akiomba kuingia. Hakuwa tayari Ayoub aseme kamshinda.