Leso ya Onesmus

Onesmus hakudai pesa hata siku moja, na kwa hilo akina mama wa kijiji cha Munje walimpenda. Alidai vitu viwili tu: leso ya kujifunika na chakula cha mchana.

Vyote viwili alivitoa Dama, mpishi wa chama chao cha kusuka mikoba ya ukindu. Leso ilikuwa ile yake nyekundu iliyoandikwa USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Chakula kilikuwa wali wa nazi na samaki wa kupaka, na embe msimu wake ukiwapo. Onesmus aliingia ofisini, akawatoa watu wote nje, akafunga mlango, akajifunika leso yeye na kompyuta pamoja kama mtu anayejifukiza nyungu. Baada ya saa nzima alitoka ametota jasho, na kompyuta iliyokuwa imekufa ikawa inasema na watu.

"Mwangaza unaiumiza," ndivyo alivyoeleza. "Ikishaanza kuamka, haitaki macho mengi."

Nani angebisha? Kompyuta ilikuwa kuukuu, iliyotoka katika hoteli moja ya Diani ambako Onesmus alikuwa karani wa zamu ya jioni. Mwaka huo wa 1998 hoteli ilinunua mpya, na ile ya zamani ikapewa chama. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: usahaulifu. Kila magharibi Bi Mbeyu, mwenyekiti, aliizima na kuchomoa waya ukutani, maana kwake yeye stima haiachwi macho watu wakiwa wamelala. Asubuhi ikiwashwa, ilipiga milio, ikaandika kwa herufi nyeupe CMOS CHECKSUM ERROR, kisha ikashikilia kwamba haina diski na kwamba mwaka ni 1980. Hapo ilizimwa upesi, kama Onesmus alivyoagiza, na mtu akatumwa Msambweni, kwenye chumba alichopanga, kwenda kumwamsha mganga.

Aliyeumia ni Warda. Warda alikuwa katibu wa chama kwa miaka sita, tangu enzi ya taipureta. Alijifunza kupiga chapa kwa mwalimu aliyevifunika vitufe kwa kitambaa, hata akavijua kwa vidole na kwa masikio. Kiingereza alikisoma hadi kidato cha nne. Lakini hiyo CMOS aliitafuta katika kamusi, akaimaliza herufi C yote, asiione.

"CMOS ni kama ini la mashine," Onesmus alimwambia siku moja, huku akichambua mwiba wa samaki. "Hata nikikuexplain, dada, hutashika."

Neno hilo lilimkaa Warda kooni kuliko mwiba wenyewe. Alimchukia Onesmus kwa moyo wake wote, na aliona haya kumchukia mtu aliyependwa na kila mtu.

Alhamisi moja, baada ya Onesmus kula na kuondoka, Bi Mbeyu alimwita kando.

"Mwanangu Warda, nisikilize usinune. Barua zetu zangoja mganga kila asubuhi. Jumamosi mkutanoni nitawaambia wenzangu tumpe Onesmus ukatibu. Yeye mashine yamjua."

"Na mimi, Bi Mbeyu?"

"Wewe utarudi kwenye ukindu, usuke nasi."

Mkoba wa mwisho aliousuka Warda ulitoka umekunjamana hata mzungu mmoja akauvaa kichwani akidhani ni kofia, na habari hiyo ilijulikana Munje yote. Miaka sita ya ukatibu, kisha hiyo! Alirudi ofisini, akaketi kwenye kiti ambacho kingekuwa chake kwa siku mbili tu zaidi, na machozi yakamtoka.

Dama ndiye aliyemkuta hivyo. Dama hakuwa na maneno ya kuliwaza mtu. Mtu akilia, yeye hutafuta kazi ya kufanya. Aliona saa ya ukutani imesimama, akapanda juu ya meza, akaitoa betri kuukuu, akatia mpya, kisha akaanza kuizungusha mishale.

"Hii nayo ni taabu," alinung'unika. "Betri ikifa, saa yasahau kila kitu. Lazima uiambie upya."

Warda aliacha kulia. Alifuta pua kwa ncha ya buibui, akaitazama saa, akaitazama kompyuta.

"Dama, hebu sema tena."

Ijumaa ofisi hufungwa. Lakini ufunguo alikuwa nao Warda, na baada ya sala alikuja Swabir, fundi wa saa wa Msambweni, na bisibisi zake ndogo ndogo na lenzi ya kubana jichoni. Dama alikaa mlangoni akipepeta mchele, ili watu wasije wakasema Warda kajifungia na fundi.

"Mimi kompyuta siijui," Swabir alionya. "Nikiiua, usinidai."

"Kila asubuhi hufa. Utaiua vipi tena?"

Walifungua skrubu nne, wakavuta kifuniko. Vumbi la miaka mingi lilitoka, pamoja na mjusi mkavu. Swabir aliinama na lenzi yake, akapekua kwa macho pole pole kona hii na ile, kisha akacheka hadi lenzi ikamwanguka.

"Dada Warda! Humu mna betri ya saa! Tazama, hii hapa, ya mviringo. Kubwa kidogo kuliko za mkononi, lakini ni ndugu yao." Aliing'oa kwa ncha ya bisibisi, akaigusisha kwenye kipimo chake. Mshale haukutikisika. "Imekufa zamani. Hii ilikuwa maiti tangu huko hotelini."

Alikuwa nazo za aina hiyo tatu mkobani, za rimoti za magari ya wageni. Akatia moja.

Waliiwasha. Ikapiga milio, ikaandika yale yale. Lakini safari hii hapakuwa na mgongo wa Onesmus mbele ya Warda wala leso juu ya kioo, na kwa mara ya kwanza aliweza kuisoma kompyuta mpaka mstari wa mwisho. Huko chini iliandikwa, bila kificho chochote, kwamba anayetaka kuingia kwenye mipangilio abonyeze kitufe cha DEL. Akabonyeza.

Ukurasa wa buluu ukafunguka. Tarehe. Saa. Diski: weka namba tatu.

"Namba gani?" Warda alisema. "Hizo ndizo siri zake."

"Ngoja," Swabir akasema, akachungulia tena ndani. "Diski ni hili bati hapa? Lina karatasi mgongoni. Yasema... mia tisa na themanini. Kumi. Kumi na saba."

Warda alizipiga. Ghadhabu ilikuwa inampanda kuliko hofu. Siri yote ilikuwa imebandikwa kwenye mgongo wa diski! Miezi yote hiyo, samaki wote hao wa kupaka!

"Sasa tarehe na saa," alisema. "Saa ngapi?"

"Saa nane na robo," akajibu Swabir.

Warda akaandika 8:15, akahifadhi, akaiacha iamke. Ikapiga mlio mmoja tu, mfupi, wa afya. Diski ikaonekana. Barua zake zote zilikuwemo. Wakaizima, wakachomoa waya ukutani, Dama akahesabu hadi mia kwa sauti, wakaiwasha tena. Mlio mmoja. Haikusahau kitu.

Dama alipiga kigelegele akajiziba mdomo. Warda aliitazama tena saa kwenye kioo cha kompyuta, na hapo akagundua kosa lake. Kompyuta inahesabu kuanzia saa sita ya usiku, kama saa za hotelini. Ile saa nane na robo ya mchana ilipaswa kuandikwa 14:15. Yeye kwa kiherehere ameiwekea saa ya kwao, saa ya adhana na ya sokoni. Alinyoosha kidole kuirekebisha.

Kisha akakirudisha.

"Swabir," alisema pole pole, "hiyo betri iliyokufa usiitupe. Niachie."

Jumamosi akina mama walijaa uani. Mkutano ulikuwa wa saa saba, lakini Onesmus aliwasili mapema, amevaa shati jeupe la kazini na saa yake ya namba, ile inayowaka ukibonyeza pembeni. Alikuwa ameshaambiwa kuhusu kiti cha ukatibu.

"Shikamoo, Bi Mbeyu."

"Marahaba, baba. Kabla ya mkutano tuamshie kwanza mgonjwa wetu."

"Hakuna noma." Akapokea leso kutoka kwa Dama, akawatoa watu, akafunga mlango.

Warda alisimama dirishani upande wa nje, amejibanza ukutani. Alisikia swichi. Alisikia mlio mmoja, mfupi, wa afya. Kisha kimya kirefu. Onesmus huyo alikuwa na nafasi ya kufungua mlango na kusema jamani, leo imeamka yenyewe. Warda alimngojea. Kwa kweli alimngojea, na lau angetoka, huenda angemsamehe.

Harufu ya nazi ilipita kutoka jikoni. Ndani, vitufe vikaanza kulia.

Tak, tak, tak, tak. Warda aliinamisha sikio. Hiyo haikuwa tarehe, wala namba, wala neno la lugha yoyote. Miaka sita ya taipureta ilimwambia kwamba Onesmus alikuwa anapiga kitufe kimoja tu, kile kirefu cha kuachia nafasi. Alipiga kwa mpigo mzuri, mara pole, mara kwa kasi, na katikati akapumzika na kuguna kama anayebeba gunia. Warda aliuma ncha ya buibui asicheke kwa sauti.

Karibu saa nzima ikapita. Mlango ukafunguliwa, Onesmus akatoka akijipangusa.

"Leo ilikuwa serious," alisema. "Karibu niipoteze. Imebidi nianze upya kila kitu: diski, tarehe, saa."

"Hata saa?" Warda akauliza kwa upole.

"Hata saa. Nimeiset na hii hii yangu ya mkono."

"Pole sana, kaka Onesmus. Bi Mbeyu, karibuni ndani mwone kazi yake."

Akina mama wakabanana ofisini. Warda aliketi, akaandika neno moja la kuiuliza kompyuta saa. Ikajibu: 6:41.

Bi Mbeyu alivaa miwani, akasoma, akatikisa kichwa kwa furaha. "Maashallah! Saa sita na dakika arobaini na moja. Sawasawa kabisa! Mwaona?"

Onesmus, aliyekuwa akitazama mlango wa jikoni, akatabasamu. Warda akamgeukia.

"Kaka, tuonyeshe na ya mkononi tulinganishe."

Onesmus alinyoosha mkono bila kufikiri. Saa yake ilikuwa inasema 12:41. Bi Mbeyu aliangalia mkono, akaangalia kioo, akarudi kwenye mkono. Tabasamu la Onesmus lilianza kushuka upande mmoja.

"Mbona hii yasema kumi na mbili," Bi Mbeyu akauliza, "na mashine yasema sita?"

"Kwa sababu saa hiyo hakuiweka yeye," Warda alisema. "Niliiweka mimi jana, saa nane na robo, nikakosea nikaitia saa ya kwetu. Kaka Onesmus hutia ya hotelini. Angeigusa leo, ingesema kumi na mbili. Hakuigusa. Mashine ilikuwa nzima tangu jana, imelala imezimwa, imeamka inakumbuka. Yeye saa nzima amepiga kitufe kimoja."

Onesmus aliutia mfukoni ule mkono wenye saa.

"Njia ya mwongo ni fupi," Bi Mbeyu alisema, na sauti yake haikuwa ya mzaha. "Haya, baba. Chakula chako ki tayari."

Dama aliingia na sinia limefunikwa kawa. Akaliweka mbele ya Onesmus kwa heshima zote. Onesmus, kwa mazoea tu, alinyanyua kawa. Kwenye sahani nyeupe, iliyosuguliwa ikang'aa, palikuwa na kibetri kimoja cha mviringo, maiti, na kipande cha ndimu kando.

Vicheko vilivyozuka vilisikika hadi barabarani. Wanawake walianguka mabegani mwa wenzao. Onesmus aliitazama ile betri, kisha naye mabega yakaanza kumtikisika.

"Mmenipata," alisema. "Niliijua siku ya kwanza. Ningeibadilisha siku hiyo hiyo. Lakini huko hotelini sisi wafanyakazi tunapewa ugali na kabeji, Bi Mbeyu. Kila siku kabeji. Na Dama akapika ule wali."

Bi Mbeyu alijaribu kununa akashindwa. Kwao mgeni hafukuzwi na njaa, awe mwongo awe mkweli. Onesmus alipewa samaki wa kweli, akala ameinamisha uso, na alipomaliza akanawa, akaaga, akaondoka bila kiti. Warda aliitwa mbele ya mkutano akabaki katibu, kwa mikono yote kunyooshwa.

Jumatatu asubuhi kompyuta ilipiga milio.

Warda aliingia mbio. Akina mama walikuwa wamesimama kuizunguka, uso wa kila mmoja umepauka. Ujumbe ulikuwa mpya: KEYBOARD ERROR. Warda alichungulia nyuma ya meza. Dama alipokuwa akifagia alikuwa ameuvuta waya wa vitufe, nao umechomoka nusu. Kuusukuma ndani ni kazi ya kidole kimoja.

"Ni ugonjwa mkubwa?" Bi Mbeyu akanong'ona. Mkono wake ulimshika Warda begani, kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa katika miaka sita yote. "Utaiweza, mwanangu? Dama, mbandikie Warda wali, yaonekana kazi ni nzito."

Warda alifungua mdomo awaambie ni waya tu. Akawatazama: macho yote yale, yakimngojea yeye. Kutoka jikoni ilikuja harufu ya kaa wa nazi.

Akakunja uso, akashusha pumzi.

"Dama," alisema, "nipe leso. Na nyinyi tokeni nje kidogo, mwangaza unaiumiza."