Presha Iliyohama

Nyumba nzima ilimwita bibi "Bi Presha", ila kwa kunong'ona. Ukimwambia apunguze redio, presha inapanda. Ukimpakulia nyama kidogo, inapanda. Na mkamwana wake akitaka kukiondoa kiti chake pale dirishani ili aweke kabati, bibi hushika kifua: "Haya, nizikeni." Kiti hakihami.

Kwa hiyo siku muuguzi wa mtaa alipobisha hodi na mashine ya kupimia presha, aliyekosa raha ni bibi mwenyewe. Hajawahi kupimwa maishani. Mashine ikisema hana kitu, je? Kiti, redio, minofu, vyote kwaheri.

"Anza na mzee," alisema kiungwana. "Yangu mimi inajulikana."

Mumewe, fundi cherehani, mpole mpaka ukimkanyaga anakuomba radhi yeye, alicheka. "Mimi sigombani na mtu. Presha niitoe wapi?"

"Mama kwanza," mkamwana alisema, na tabasamu la mtu aliyeisubiri siku hiyo tangu aolewe.

Mkanda ukambana bibi mkono, ukalegea. Muuguzi akarudia. "Iko sawa kabisa, mama. Kama ya msichana!"

Mkamwana akageuka, akakitazama kiti.

"Mashine mbovu hiyo," bibi alifoka. "Mjaribu mzee uone."

Fundi akapimwa. Muuguzi akamwacha atulie, akampima tena. "Baba, yako ndiyo iko juu."

"Mbona sisikii chochote?"

"Wengi hawasikii. Na si lazima uwe mtu wa hasira. Chumvi unatumiaje?"

"Niulize mimi," bibi alidakia. "Anaimwaga kabla hajaonja, utadhani anakausha samaki. Kutwa amekaa kwenye cherehani, tumbo linafika mlangoni kabla yake. Sigara anavutia nyuma ya choo, anadhani sina pua. Na presha hiyo hiyo baba yake alikuwa nayo."

"Mama, umenimalizia kazi," muuguzi alicheka. "Basi chumvi ipungue, sigara aache, jioni atembee. Na wiki hii aje kituoni, daktari aone kama anahitaji dawa."

Fundi alinywea kama shati lililofuliwa vibaya. Bibi akamshika mkono, na safari hii moyo ulimwenda mbio kweli. "Huniachi wewe. Gauni langu hujalimaliza."

Jioni fundi akatoka kutembea. Mkamwana akaja, mikono tayari kwenye kiti. "Mama, kwa kuwa u mzima wa afya, tukisogeze?"

"Weee! Unataka kumpandisha baba mkwe wako presha? Nikitoka hapa, nani atamwona akichepuka dukani kwa sigara?"

Mkamwana akakiachia kiti, akaishia kucheka.

Kule nje, fundi alipunguza mwendo mbele ya duka. Akageuka, akatazama dirishani. Kidole kilikuwa kinatikiswa.

Akaendelea kutembea.