Madigadi ya Kushoto

Jumamosi asubuhi Mzee Fyuzi alikuwa amekaa juu ya kreti la soda lililopinduliwa, akiosha bolti ndani ya beseni la mafuta ya taa. Beseni lilikuwa la mkewe, la kufulia, na mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni akilitazama.

"Hilo beseni limefikaje huko?"

"Nimeliazima."

"Kama ulivyoazima mswaki wangu, na taulo, na nusu ya ua."

"Nusu ya ua ni ya gari."

"Basi gari likupikie."

Gari lilikuwa limeinuliwa juu ya magogo, halina magurudumu wala viti. Lilikuwa gari la spoti la Kijapani, la milango miwili, toleo la zamani, lenye zile taa za mbele zinazoinuka zikiwashwa na kulala zikizimwa, kama macho ya mtu asiyetaka kusalimiana. Kule kiwandani alikofanya kazi ya umeme tangu ujana wake, gari hilo lilikuwa la mkurugenzi. Kila asubuhi Mzee Fyuzi alizungukia upande wa maegesho ili alione, ingawa njia hiyo ilikuwa ndefu. Siku aliyostaafu, mkurugenzi alisimama mbele ya wafanyakazi, akasema kwamba mtu mwaminifu anastahili kitu cha maana, akamkabidhi ufunguo. Gari lenyewe lilikuwa limelala chini ya turubai miaka mingi, betri hakuna, panya wamezaa ndani ya viti. Mzee Fyuzi alilia hadharani. Hakuona aibu siku ile, na hata baadaye hakuona.

Wenzake walimwita Fyuzi kwa sababu ya kazi yake, na pia kwa sababu akikasirika hakupiga kelele. Alizimika tu, mpaka mtu aje amrekebishe.

Hakutaka kulirudisha gari kama lilivyokuwa lilipokuwa jipya. Alitaka gari la mtu wa umri wake. Aliinua springi ili magoti yake yapate kuingia na kutoka bila ugomvi, akafunga usukani mwepesi uliotoka kwenye gari la familia, akaing'oa ekzosi ya kelele na kuweka ya kistaarabu. Vijana wa mtaani walisema ni gari la spoti lililovaa viatu vya mchuchumio. Yeye aliwajibu kwamba viatu hivyo vitapita juu ya matuta ambayo wao huyalilia kila siku.

Kazi ya bati alimwachia fundi bodi. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye ovaroli iliyopauka na mdomo usiojua likizo. Aliegemeza chuma kizito nyuma ya bonyeo, akagonga kwa nyundo ndogo upande wa pili, na bati likarudi mahali pake. Bonyeo la kwanza lilikuwa mlangoni. Liliponyooka ukasikika mlio wa toroli likikwaruza, kisha sauti ya mwanamume: "Aa, samahani, sikuliona."

"Umesamehewa," fundi bodi akajibu, akahamia bonyeo jingine.

Alimweleza Mzee Fyuzi kwamba chuma kizuri ndivyo kilivyo. Kikibonyea humeza sauti za wakati ule, za kabla kidogo na za baada kidogo, na kikinyooshwa huzitema. Huzitema mara moja tu. "Haya magari ya siku hizi hayatunzi kitu," alisema. "Plastiki tupu." Mzee Fyuzi akauliza kama sauti hutoka kwa mfuatano wake. Akaambiwa ndiyo, na ukigonga polepole hutoka kipande kipande. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa waya gani uende wapi.

Bampa ya nyuma ilitoa mpira wa watoto na vicheko vilivyokimbia. Boneti ilitoa tawi la mti lililovunjika, pamoja na mvua ya siku hiyo, na mke wa Mzee Fyuzi akatoka mbio kuanua nguo.

"Rudi ndani, mama," fundi bodi akamwambia. "Hiyo ni ya zamani."

Madigadi ya mbele ya kushoto, lile bati la juu ya gurudumu, haikuwa na bonyeo lolote. Ilikuwa laini mno. Fundi bodi akaigonga kwa ukucha, akasikiliza, akasonya.

"Hapa wamepaka fila."

Fila ni ule udongo wa kuzibia. Hupakwa juu ya bonyeo, ukikauka hupigwa msasa, kisha rangi. Mwenye haraka huupenda kwa sababu hauhitaji nyundo. Walishinda nao mchana kutwa, msasa kwa msasa, mpaka chuma kikaonekana. Bonyeo lilikuwa pana na la kina, la kumtosha mtu kuanzia nyonga hadi goti.

Fundi bodi akagonga mara moja. Ukatoka mluzi.

Ulikuwa mluzi wa kuvuta pumzi ndani, si wa kuitoa. Mzee Fyuzi alimjua mtu mmoja tu duniani aliyepiga mluzi kwa kuvuta. Akaushika mkono wa fundi bodi.

"Usigonge tena."

"Mzee, ndiyo kwanza naanza."

"Huyo ni mdogo wangu."

Mdogo wake alikuwa akifanya kazi kiwanda hichohicho, upande wa kufungasha. Magharibi moja aligongwa na gari nje ya geti, na gari likaondoka bila kujulikana. Kiwanda kilitangaza kwamba marehemu alikuwa amelewa akajitupa barabarani. Watu waliamini, maana zamani alikuwa mnywaji kweli. Lakini alikuwa amemwapia mkewe kwamba ameacha. Mkewe alimzika akiwa amemkasirikia, na mzigo ule hakuutua tena. Alishona sare za shule katika nyumba ya pili kutoka kwa Mzee Fyuzi, alikuwa mcheshi kwa kila mtu, lakini jina la mumewe halikumtoka mdomoni. Alimwita "yule".

Mzee Fyuzi alikwenda mwenyewe kumwita. Shemeji yake alikuja na pini zikiwa bado zimechomekwa kifuani mwa blauzi.

"Shemeji," Mzee Fyuzi alisema, "mumeo yumo humu. Yale maneno yake ya mwisho. Tukigonga tutamsikia mara moja, basi. Au tunaweza kupaka fila tena, pakae kama palivyokuwa."

"Amesema nini?"

"Bado. Amepiga mluzi tu."

Shemeji akalitazama bati. "Na kama amelewa?"

Fundi bodi akainama kutafuta kitu kwenye sanduku lake la vifaa.

"Mimi miaka yote hii nina labda yangu," shemeji akasema. "Labda alitimiza, labda hakutimiza. Nimeshaizoea. Nalala nayo, naamka nayo. Mkigonga mkaniletea mlevi, hata hiyo labda nitakuwa sina."

"Basi mwenzangu, wazibe," mke wa Mzee Fyuzi akasema. "Njoo unywe chai."

Shemeji alikunywa chai yote, bila haraka, akasuuza kikombe na kukiweka mahali pake. Kisha akarudi uani.

"Gonga."

"Una uhakika?" fundi bodi akauliza.

"Sina. Gonga kabla sijaenda zangu."

Fundi bodi akagonga. Mluzi ukaendelea pale ulipokatikia, ukafuatiwa na hatua za viatu kwenye kokoto, na geti lililohitaji grisi. Mlinzi wa geti akasema, "Leo hupitii kwa wenzako? Chupa imeshafunguliwa, wanakusubiri wewe."

"Waambie wanywe na yangu," mdogo wake Mzee Fyuzi akajibu. Kila neno lilikuwa limesimama wima. "Mimi nina mke mkali, na nimemwapia."

"Anakutawala huyo!"

"Ananitawala vizuri."

Akacheka. Fundi bodi aliacha nyundo hewani ili kicheko kipate nafasi yake, kisha akaishusha. Ikaja injini, kwa kasi, halafu kishindo. Baada ya kishindo kukawa na mlio mdogo wa mota, ule wa taa za mbele zinapolala. Mlango ukafunguka. Mkurugenzi akasema, kwa ulimi mzito wa mtu aliyekunywa tangu mchana, "Wewe hukuona kitu. Umesikia? Hukuona kitu."

"Ndiyo, mkubwa," mlinzi akasema.

Bati lilikuwa limenyooka.

Shemeji akakaa juu ya kreti. "Mke mkali," alisema. "Mimi?"

"Kuna mwingine?" mke wa Mzee Fyuzi akamjibu.

Shemeji akacheka mpaka pini zikamchoma, akalia, akacheka tena. Kisha akalitaja jina la mumewe, lote, pamoja na la baba yake, na akamwambia bati kwamba amesikia.

Jumatatu walikwenda kituo cha polisi wote wanne. Ofisa aliyewapokea aliwasikiliza bila kuwakatiza na akasema anawaamini. Gari lake mwenyewe lilinyooshwa mwaka uliopita likamtolea ugomvi wa shemeji zake. Lakini mlinzi yule alikuwa ameshafariki, jalada lilikuwa limefungwa, na bati lililonyooka halina cha kuonyesha.

"Mngelileta likiwa bado limebonyea," alisema.

"Likiwa limebonyea, tungejua nini?" Mzee Fyuzi akauliza.

"Hiyo nayo ni kweli," ofisa akasema, akainuka kuwasindikiza mlangoni.

Mzee Fyuzi alizimika. Alikula, alilala, alifunga viti vya gari, lakini hakusema neno, mpaka mkewe alipomwambia aende akayaseme panapohusika ili nyumba ipate amani. Akavaa shati la kola, akaenda.

Mkurugenzi alikuwa kibarazani kwake, blanketi limefunika magoti, mzee kama yeye. Alifurahi kumwona, akaagiza chai.

"Gari linaendeleaje?"

"Vizuri. Limebaki rangi."

"Mliitoa fila ya kushoto?"

"Tuliitoa."

Mkurugenzi akatazama bustani yake. "Nilitaka kukuambia usiitoe," alisema. "Nikasahau." Kama siku ile angelipeleka gari kunyooshwa, sauti ile ingeishia masikioni mwa fundi mmoja asiyemjua mtu. Lakini alikuwa na haraka.

Njiani Mzee Fyuzi alikuwa ameandaa hotuba, yenye mwanzo na mwisho, kama alivyofundishwa katika masomo ya jioni ya watu wazima. Alipotafuta mdomoni akakuta yamebaki mambo mawili, na yote yalikuwa ya kweli.

"Ulimuua mdogo wangu," alisema. "Na asante kwa gari."

Mkurugenzi aliitikia la kwanza kwa kichwa, na la pili vilevile. "Karibu tena," akasema. Chai ilibaki mezani.

Gari lilipakwa rangi ya kijani kibichi. Shemeji ndiye aliyeichagua, kwa kuwa marehemu aliipenda, na sasa alikuwa akieleza mambo mengi aliyoyapenda marehemu, na mengine aliyoyachukia, na namna alivyokoroma. Kila alipopanda aliipapasa kwanza madigadi ya kushoto, akasema asante, kisha akafunga mkanda. Mzee Fyuzi naye alisema asante, kimoyomoyo, akiwasha injini.

Siku ya matembezi ya kwanza, shemeji aliomba wapitie njia ya kiwandani. Ukutani palikuwa pameandikwa, kwa herufi kubwa mpya, kwamba zahanati ya wafanyakazi imepewa jina la mkurugenzi. Mlinzi kijana, aliyefundishwa kulitambua gari la mkurugenzi hata likibadilishwa rangi, aliruka kutoka kwenye kibanda, akainua kizuizi na kupiga saluti. Mzee Fyuzi akamwinulia mkono, maana salamu ni salamu, akashika njia iliyonyooka bila kuingia.

"Punguza mwendo, shemeji," shemeji yake akasema. "Hapa watu wanavuka."

Akapunguza.