Mfarishi wa Mkono wa Kushoto

Ukoo wa Bibi Siti, hapo Kasulu mjini, ni wa sindano kama koo nyingine zilivyo za jembe. Binti huhesabiwa mtu mzima siku anapomaliza mfarishi wake wa kwanza, lile shuka nene la vipande vya kanga vilivyoungwa kwa mkono. Siku hiyo Bibi humvisha subana, kikofia cha chuma cha kukinga kidole.

Yasmini alikuwa na miaka kumi na tisa, na mfarishi wake ulikuwa umekataa katakata. Mishono ilienda mrama, vipande vikajikunja, wadogo zake wakamcheka. Basi akabeba kanga zake hadi Mabamba, kwa shoga yake Generosa aliyesoma naye, akamwomba amshonee. Nyumbani akawa anajifungia chumbani, eti anashona. Njia ya mwongo ni fupi. Ya Yasmini iliishia mkekani kwa Bibi.

Ijumaa hiyo shangazi wote walikuwepo. Bibi Siti aliupapasa mfarishi kwa kidole gumba. Macho yake yameshapungua. Kidole hakijapungua kitu. Akasita.

"Mishono hii inalalia upande mwingine," alisema. "Aliyeshona ni wa mkono wa kushoto."

Yasmini akaanza kuinuka mkekani. Lakini Bibi alimshika mkono.

"Nisamehe, mjukuu wangu. Kumbe wewe ni wa shoto, ndiyo maana ulikuwa unajifungia! Miaka yote nakufundisha kwa kulia, nakupiga vidole kwa rula ukikosea, nakuita mzito. Kosa lilikuwa langu."

Shangazi Asmahani akafuta machozi. Bibi akavua subana, akamvisha Yasmini kidole cha kushoto. Aibu ikampanda binti wa watu hadi masikioni. Angetukanwa angevumilia, kuombwa radhi na Bibi hakuweza.

"Bibi, sikushona mimi. Ameshona Generosa wa Mabamba."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Bibi alinyoosha kiganja, na Yasmini akaivua subana mwenyewe, akamrudishia.

"Kesho kamlete huyo Generosa," Bibi alisema. "Hii ni yake."

"Na mimi, Bibi?"

"Wewe utamtungia uzi."

Katika nyumba ile, kutunga uzi sindanoni ni kazi ya watoto wa miaka mitano.