Arudi Kesho

Zahanati ya kijiji kipya ilikuwa na desturi moja ambayo Yustina, nesi wake pekee, hakuwahi kuitilia shaka: mtoto hasemi ugonjwa wake mwenyewe. Mkubwa aliyemleta ndiye husema panapouma na tangu lini, na ikibidi huugulia kwa niaba yake. Mtoto akishaamkia, kazi yake imekwisha.

Ndivyo Damari, binti wa miaka kumi na minne, alivyoletwa mara mbili na baba yake mkubwa, mzee Antipasi. "Kichwa," alisema mzee mara ya kwanza. "Kichwa, na uvivu wa shamba la kijiji," alisema mara ya pili. Yustina akaandika kichwa, akatoa aspirini, akaita mwingine. Foleni ilikuwa imefika mlangoni.

Mara ya tatu Damari alikuja peke yake, watu wote wakiwa kwenye shamba la alizeti. Alibeba kibuyu cha maziwa kilichosuguliwa mpaka kinang'aa.

"Shikamoo, dada nesi."

"Marahaba. Mkubwa wako yuko wapi?"

"Shamba. Nimekuletea hiki. Kilikuwa cha mama."

Mama yake alikufa mwaka mmoja kabla ya serikali kuwahamishia watu kwenye vijiji vipya. Lori lilipokuja lilibeba uwele, kuku na hata milango. Kaburi lilibaki kwenye makazi ya zamani, na aliyerudi kule alihesabiwa mkaidi.

"Unanipa mimi? Wewe utakamulia wapi?"

"Sitakihitaji tena."

Alisema hivyo kama anayekataa uji kwa kuwa ameshiba.  Yustina alifunga mlango, akakaa naye benchini, na kwa mara ya kwanza akamuuliza mtoto mwenyewe.

"Damari, unataka kufa?"

Binti akatazama mlangoni, pale ambapo mkubwa angekuwa amesimama. Kisha akaitikia kwa kichwa.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoletwa mara ya kwanza."

Mara ya kwanza! Na yeye alimwambia anywe maji mengi. Yustina aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Alifungua daftari la magonjwa. Malaria, surua, kuhara, macho. Hapakuwa na mstari wa jambo hili. Kuliandika lilivyo ni kuwaita polisi, maana kisheria kujaribu kujiua kulikuwa kosa. Kumwandikia barua ya hospitali ya vichaa ni kumpa jina ambalo kijiji kisingemvua mpaka azeeke. Akaandika malaria kali, akamlaza kwenye kitanda cha kujifungulia, akakaa naye. Siku mbili walizungumza juu ya shule, mbuzi, na mama yake alivyoimba akisukasuka maziwa.

Siku ya tatu mzee Antipasi akaja. Hakuwa mtu mbaya, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Mtu mbaya ungemgombeza. Akaweka kiganja kwenye paji la uso la binti.

"Hana homa, nesi."

"Mzee wangu, si homa. Ana huzuni inayoweza kumuua. Asiachwe peke yake."

Mzee akacheka kidogo, kwa upole. "Huzuni tunayo sote. Kaburi la baba yangu nalo liko kulekule." Macho yakamlowa, akayageuzia ukutani. "Katibu wa kijiji anahesabu majembe shambani. Inuka, mama, twende."

Yustina hakuwa na dawa wala amri. Alichukua kadi ya sindano akaandika: arudi kesho. Mzee hakubisha. Sindano iliheshimiwa kuliko katibu.

Damari akawa anakuja kila siku, na kila asubuhi Yustina alikodolea macho njia, akijua kwamba siku asipotokea hakuna atakaloweza kufanya. Siku ya tisa kadi ilikuwa imejaa.

"Dada nesi, mbona hunichomi sindano?"

"Sikuchomi."

"Sasa unanipa nini?"

Yustina alitaka kumdanganya, akashindwa. "Sina kitu, Damari. Nakuomba tu uje kesho."

Akashusha kibuyu kutoka rafuni, akamnyooshea. "Kichukue. Uniletee maziwa."

Damari alikitazama. Hakukipokea.

"Labda kesho," akasema, akatoka.

Yustina akabaki nacho mikononi. Ilikuwa saa nne tu asubuhi.