Damu Mingi

Mi nilimukulisha bwana yangu majani ya lengalenga mpaka akachoka nayo. Tshilombo alikuwa anatumika ku usine, kile kiwanda banakausha kobalti, vumbi yake inajaa mu hewa, na kila akirudia mu nyumba anasema kichwa kinamuuma, anasikia kizunguzungu. Huku Dilala, mutu akisikia kizunguzungu, bibi yake anajua: damu imepunguka. Basi lengalenga, maharagi, na maini siku ya mushahara. Kula, tata. Mama yangu mwenyewe alinisifu.

Kisha dada yake Bilonda akazaa, akatokwa damu bibaya. Ku hopitali, jamaa njo inaleta mutu wa kutoa damu. Tshilombo akakunja shati. Mi nikakasirika: "Yako yenyewe haitoshi, unaenda kugawa?" Akatoa. Akaamuka pale, akanicheka: "Ngalula, kichwa kimenyamaza."

Nilizani ananichokoza. Lakini munganga Muamba alikuwa anaangalia ile damu, nzito sawa sirop. Akatuita, akamuuliza Tshilombo kazi yake.

"Tata, damu yako imepita kipimo," akasema. "Mu figo muko seli zenye kuchunga hewa. Hewa ikipunguka, zinatuma habari ku mifupa: tengenezeni damu. Batu ya kuchunguza bile bitu njo banaanza kuona sasa kama kobalti inazidanganya. Hewa iko, lakini zinalia hakuna. Na mifupa inatii."

Nikauliza: "Na dawa ya kuziambia ukweli?"

"Haiko, mama. Tutamutoa damu kila mara. Lakini atoke mu vumbi."

Tulipofika ku mulango, Tshilombo akasema: "Nikitoka mu vumbi, tunatoka na mu nyumba." Nyumba ni ya kampuni, na batoto bote mule.

Akaenda kumuomba chef wake, citoyen Mianda, amubadilishe kazi. Chef akatazama ile macho mekundu na mashavu yamejaa, akacheka. "Weye? Na hii afya yote? Bagonjwa ni bale bamekonda." Nilisikia hasira, lakini hata mi ningesema vile mwaka uliopita.

Bakamutoa damu, akapata nafuu, akarudia mu vumbi. Bakamutoa tena. Asubuhi moja akaanguka kulekule ku usine. Damu ilikuwa imeganda mu kichwa.

Sasa anakaa ku kitanda. Anaambia mukono wa kuume: shika kikombe. Mukono hausikii. Kampuni imesema tutoke mu nyumba mwisho wa mwezi, na mi sijui tutaenda wapi.

Lakini sirene ya usine ikilia, muguu wa kushoto unashuka chini, unatafuta kiatu. Namuambia: "Haikuiti weye tena, tata." Muguu unatafuta tu.

Bile biatu nilikwisha kumuuzisha Amadi, mwenye alikamata nafasi yake. Nilimuambia habari yote ya vumbi, sikuficha kitu. Alisikiliza muzuri, kisha akaniuliza kamba za biatu ziko wapi.