Daftari la Tate Kornelius

Saa tatu asubuhi kompyuta zote kumi na sita za shule ya Oshikuma zilikuwa zimegoma, na Lahja Amukoshi alikuwa amezungukia kila moja mara tatu, akiibonyeza kitufe kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

Lahja alikuwa mwalimu wa hisabati. Chumba cha kompyuta alikabidhiwa kwa sababu tu siku moja alionekana akitengeneza pasi ya mwenzake. Kompyuta zenyewe hazikuwa na diski ndani. Ukiwasha moja, haikujua hata namba yake. Ilipiga hodi kwenye waya ikauliza, mimi ni nani, na nifanye nini? Seva, yaani ile mashine kubwa iliyokaa peke yake kabatini, ndiyo iliyoijibu: namba yako hii, na kazi yako hii hapa. Ndipo ikapata fahamu. Lahja alizipenda kwa hilo, maana ukitengeneza seva umezitengeneza zote. Ubaya wake, zikiugua, zinaugua kwa pamoja.

Na zilichagua siku ya kuugua. Walimu kumi na watano kutoka shule za jirani, wengi wao wenye mvi, walikuwa wamekuja kufanya mtihani wa cheti cha kompyuta, baada ya mafunzo ya wiki mbili chumbani humo. Msimamizi alikuwa njiani kutoka Ondangwa, na mtihani ulikuwa uanze saa nne na nusu.

"Meme Lahja, hizi zimelala au zimekufa?" aliuliza Hilaria, mwalimu wa sayansi kimu, mwanamke mwenye mdomo usiopoa. "Kama zimekufa tuambie, twende zetu sokoni tukale nyama choma ya kapana."

"Zinakuja."

"Zinakuja kutoka wapi? Windhoek?"

Chumba kizima kikacheka. Lahja naye akajichekesha, lakini moyoni hakuwa na kicheko. Jana yake aliingia ndani ya seva akakuza maandishi kwa ajili ya wazee wenye macho hafifu. Sasa aliamini kwamba ndipo alipoharibu. Aliizima seva, akaiwasha, akafuta alichoongeza jana. Wapi! Kila skrini iliandika mistari michache myeupe, ikalalamika kwamba haikupewa faili la kuanzia, ikanyamaza.

Akaenda kuinama nyuma ya kabati, ajifanye anakagua waya, kumbe anaficha machozi.

"Mwanangu." Alikuwa Tate Kornelius, mwalimu wa jiografia, aliyebakiza mwaka mmoja astaafu; huko tate ni baba, kama meme alivyo mama. Alimfundisha Lahja akiwa darasa la saba, na hadi leo alimwita mwanangu. "Umepoteza nini huko chini?"

"Tate, nimeziua. Jana nilichezea seva. Msimamizi akifika nitamwambia nini?"

"Kabla hujajitia kitanzi, hebu njoo uone. Kuna kitu sikielewi."

Tate Kornelius alikuwa na daftari. Tangu siku ya kwanza ya mafunzo alinakili kila kitu kilichotokea kwenye skrini, neno kwa neno, hata mistari ile inayopita kabla kompyuta haijaamka, ambayo wenzake hawakuwahi kuitazama. Hilaria alimbandika jina la karani wa mbinguni. Mzee hakujali. Alisema nchi usiyoijua huichori kwa kukisia.

Sasa akafungua ukurasa, akaweka kidole. "Wiki mbili zote, namba ya anayejibu ilianza na kumi. Kila siku, tazama. Leo inaanza na mia moja tisini na mbili. Mimi sijui maana yake. Lakini kwetu sisi wa jiografia, namba ikibadilika, umefika mahali pengine."

Lahja akalitazama daftari, akaitazama skrini, akalitazama tena daftari. Damu ikamrudia usoni.

"Tate! Si seva yangu inayojibu!"

"Ni nani basi?"

"Mtu mwingine. Kuna mtu anawahi kujibu kabla yake, anazipa namba halafu hana cha kuzipa!"

"Basi ni kama mjomba wangu wa Oshakati," alisema Hilaria, ambaye masikio yake hayakuwa mbali. "Karibu nyingi, sufuria tupu."

Lahja hakungoja kucheka. Alikifungua kisanduku ambamo waya zote za shule zilikutana, akaanza kuchomoa mmoja baada ya mwingine, huku Tate Kornelius akiwasha na kuzima kompyuta ya mbele. Akachomoa waya wa ofisi ya mkuu. Kimya. Wa maktaba. Kimya. Akachomoa wa bweni la wasichana.

"Kumi!" alipaza sauti mzee. "Inaanza na kumi! Inaamka, mwanangu, inaamka!"

Walimu wakashangilia kama timu imefunga bao. Kelele hazijatulia, mlango ukasukumwa. Aliingia Meme Ndeshihafela, mlezi wa bweni, mwanamke mpana ambaye wasichana mia mbili walimwogopa kuliko mkuu wa shule.

"Nani amekizima kitaa changu?"

"Kitaa gani, Meme?"

"Kitaa cha kijani! Mwanangu amejifungua Walvis Bay, leo siku ya tatu. Mpwa wangu kaniletea kisanduku cha kunishikia mtandao nimwone mjukuu. Tangu asubuhi simu inazunguka tu, inazunguka. Sasa hata taa imekufa!"

Lahja akajishika kiuno. "Kumbe ni wewe unayezijibu mashine zangu!"

"Mimi? Nimekaa kimya tangu alfajiri, nawajibu kina nani?"

Ilikuwa saa nne na dakika tano. Lahja angeweza kuuacha waya ule chini mpaka mtihani uishe, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini aliyaona macho ya yule mama yamelowa. Akamshika mkono wakaenda karibu mbio mpaka bwenini. Kisanduku kilikuwa juu ya gunia la nafaka ya mahangu. Nyuma kilikuwa na matundu matano: manne ya njano, moja la buluu.

"Waya uliuchomeka wapi, Meme?"

"Lililokuwa karibu. Si matundu yote ni matundu?"

"Haya ya njano ni mdomo, hili la buluu ndilo sikio. Wewe ulikipa mdomo, kikawa kinazungumza na shule nzima."

Akauhamishia waya kwenye tundu la buluu, akarudi chumba cha kompyuta kuuchomeka upande wa pili. Tate Kornelius akaiwasha upya kompyuta ya mbele. Kumi. Zikawashwa zote. Kumi, kumi, kumi.

Msimamizi alifika saa tano kasorobo, akiwa amecheleweshwa na ng'ombe barabarani, akawakuta watu wamekaa mbele ya skrini zinazong'aa kama hakuna lililotokea. Katikati ya mtihani vigelegele vilipasuka kutoka bwenini. Akainua kichwa.

"Kuna harusi?"

"Kuna mtoto," alijibu Lahja.

Tate Kornelius alipata sabini na moja. Hilaria alipata sitini na nane, akasema mashine yake ilikuwa na kinyongo naye.

Wakati wa kutoka, Meme Ndeshihafela aliwasubiri mlangoni na ndoo ya oshikundu, kinywaji cha mahangu, simu ikiwa mkono wa pili. Walimu kumi na watano na msimamizi wao walisukumana kukitazama kitoto chekundu kinachopiga miayo.

"Kafanana na nani?" aliuliza mmoja.

"Mimi," alisema Meme Ndeshihafela, na hakuna aliyethubutu kubisha.